Jinsi ya kutembelea mji mdogo wa zamani Marekani: uliza kwanza ulikuwa unakula nini

Piano yenyewe tulipewa bure. Hapa Springfield, Massachusetts, ukiwa macho mwisho wa mwezi watu wanapohama, utaokota vitu ambavyo kwetu Tabora mtu angeviandikia wosia. Tuliipandisha ngazi wanaume watano, na mmoja wao akaapa kwamba kwangu haji tena hata kwa harusi. Wiki mbili baadaye akaja fundi wa kurekebisha sauti, mzee mmoja mwenye kikohozi na tochi ndogo. Akafungua mbele, akachomoa ubao wa kwanza wa kubonyeza kama mtu anayeng'oa jino, akaniwekea mkononi. Chini yake ni mti mtupu. Juu umebandikwa utando mweupe, mwembamba kama ukucha, wenye rangi ya maziwa yaliyolala.

"Angalia hapa," akasema, akamulika kwa upande. Nikaona mambo mawili. La kwanza, utando si kipande kimoja. Kuna kipande kipana cha mbele na kingine chembamba kinachopita katikati ya vibao vyeusi, na vinapokutana pana ufa mwembamba kama unywele. La pili, ndani ya ule weupe kulikuwa na mistari myembamba iliyolala sambamba, kama maji yanapotulia mchangani. Plastiki haina mistari hiyo. Ni pembe ya ndovu. Pembeni palikuwa na mhuri: Comstock, Cheney & Co., Ivoryton, Conn.

Ivoryton, yaani Mji wa Pembe, jimbo la Connecticut. Miaka sita naishi mwendo wa saa moja na kidogo kutoka hapo, sijawahi kusikia jina hilo. Nimekwenda mara tatu tangu siku ile, na mara ya kwanza niliharibu kila kitu. Ndiyo maana naandika.

Miji midogo ya zamani ya huku New England hufanana mno. Kanisa jeupe lenye mnara uliochongoka, sanamu ya askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mto, daraja, duka la aiskrimu. Ukitembea bila swali utapiga picha kumi, utakula aiskrimu, utarudi nyumbani na picha ambazo wiki ijayo hujui ni za mji gani. Swali langu ni moja, nalifanyia kazi kila ninapokwenda: mji huu ulikuwa unakula nini? Mamia ya watu hawakukaa kwenye bonde la mawe namna hii kwa kupenda mandhari. Kulikuwa na kitu wanakitengeneza na kukiuza. Kipate hicho, kisha kifuate: kiwanda, nyumba ya tajiri, nyumba za vibarua, makaburi. Hapo mji unaanza kusema nawe.

Deep River na Ivoryton ni miji jirani karibu na mdomo wa mto Connecticut, nayo ilikula pembe za ndovu. Kwanza vitana. Mwishoni mwa miaka ya 1790 mtu wa huko aitwaye Phineas Pratt alibuni mashine ya kukata meno ya kitana cha pembe, kazi ambayo kabla yake ilifanywa kwa msumeno wa mkono, jino kwa jino. Kisha vifungo, vijiti vya meno na mipira ya biliadi. Halafu Wamarekani wakashikwa na homa ya piano, kila familia yenye uwezo kidogo ikataka moja sebuleni, na piano moja ina vibao vyeupe 52. Kampuni mbili zikala soko hilo: Pratt, Read & Co. ya Deep River, iliyoundwa 1863, na Comstock, Cheney & Co. ya Ivoryton, iliyoundwa mwaka mmoja kabla yake. Sehemu kubwa ya pembe zilizoingia Marekani zilipasuliwa katika vijiji hivi viwili.

Na pembe waliyoipenda zaidi ilikuwa ile laini, ya Afrika Mashariki, kwa sababu haipasuki ovyo chini ya msumeno. Ilitoka Unguja. Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akafungua ofisi Unguja. Meli zilileta kitambaa kigumu cha pamba, ambacho bibi zetu walikiita merikani bila kujiuliza jina limetoka wapi, zikarudi na pembe, sandarusi na ngozi. Kabla ya Unguja ni Bagamoyo. Kabla ya Bagamoyo ni miezi miwili mitatu ya kutembea kwa miguu. Na kabla ya hapo ni kwetu, Unyanyembe. Mimi ni Mnyamwezi. Kwetu ukisema babu wa babu yako alikuwa mpagazi hakuna anayeshangaa. Watakuuliza wa msafara wa nani.

Kabla hujawasha gari

Mara ya kwanza nilikwenda Jumanne ya Oktoba, kwa kuwa ndiyo siku yangu ya mapumziko. Majani mekundu, hewa safi, na kila mlango umefungwa. Nilizunguka kwa saa mbili nikichungulia madirishani mpaka bibi mmoja mwenye mbwa akaniuliza, kwa adabu sana, kama nimepotea. Mweusi anayechungulia madirisha Jumanne mchana katika mji wa watu elfu nne na kitu ataulizwa. Sikukasirika, ila niliondoka.

Kosa langu lilikuwa kudhani jumba la kumbukumbu la mji mdogo ni kama la Boston. Sivyo. Linaendeshwa na chama cha historia cha mji, na chama hicho ni wastaafu wanaojitolea. Wanafungua saa chache, mara nyingi mwishoni mwa wiki, mara nyingi kiangazi tu. Piga simu au tuma barua pepe wiki mbili kabla. Usiulize tu "mnafungua saa ngapi". Sema unatoka wapi na unatafuta nini. Mimi niliandika mistari mitatu: natoka Tabora, Tanzania, nyumbani kwangu kuna piano ya Ivoryton, ningependa kuona vitu vya pembe. Nilijibiwa jioni ile ile, barua ndefu kuliko yangu mara nne.

Angalia pia kalenda ya mji. Deep River ina siku yake kubwa, Jumamosi ya tatu ya Julai, vikundi vya ngoma na filimbi za kijeshi za zamani vinapoandamana barabara kuu kwa mavazi ya enzi za George Washington. Kama unapenda beni, nenda, utafurahi. Kama unataka kuona mji wenyewe, chagua wiki nyingine, maana siku hiyo hutapata hata pa kuegesha baiskeli.

Jambo jingine ni majina, litakusaidia ukianza kusoma mambo ya zamani. Ivoryton si mji kamili; ni kijiji ndani ya mji wa Essex, pamoja na Centerbrook. Na Deep River kiserikali iliitwa Saybrook mpaka 1947. Ukitafuta nyaraka za zamani chini ya jina Deep River utakosa nusu. Ramani ya simu nayo huchanganya: niliandika Essex, ikanipeleka bandarini kwenye maboti ya matajiri, maili kadhaa kutoka kwenye shida zangu.

Njiani

Safari iliyofanikiwa ilikuwa ya Juni, Jumamosi, na nilikuwa na abiria wawili: Neema, miaka tisa, na mama mdogo, mdogo wake mama, aliyekuja kututembelea kwa miezi mitatu. Kutoka Springfield unashuka barabara ya 91, unapita Hartford, kisha unaingia barabara ya 9 kuelekea kusini. Pale Middletown barabara inapita kando ya mto kabisa. Kama una mtu mzima ndani ya gari, mwamshe aone. Mama mdogo alitazama maji yale mapana akauliza kama yana mamba. Nilipomwambia hayana, akauliza sasa yana nini.

Toka barabara kuu mapema. Huu ndio ushauri ambao watu hawaufuati. Ukiendelea na 9 mpaka mlangoni utatua mjini kama mzigo ulioshushwa. Ukishika ile ndogo ya 154, utaingia taratibu jinsi magari ya farasi yalivyoingia, utaona nyumba zinavyoanza kukaribiana na kuta za mawe zinavyofuata barabara. Punguza mwendo mara uonapo bango la maili 25 kwa saa. Wanamaanisha 25.

Chakula tulibeba. Chapati, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai ya tangawizi. Miji hii ina mikahawa mizuri, na ukipenda vya baharini jaribu mkate wa kambakoche wa Connecticut, unaotiwa siagi ya moto badala ya mayonezi kama wafanyavyo Maine. Lakini familia ya watu watatu kwenye meza ya mkahawa wa kitalii itamaliza hela ya mafuta ya mwezi. Tulikula kwenye benchi. Hakuna aliyetuangalia vibaya, na mzee mmoja alisimama kuuliza ile chapati ni nini.

Choo: maktaba ya mji. Ingia, salimia, tumia, na ukitoka chukua dakika tano kwenye rafu ya historia ya mji, ambayo kila maktaba ndogo huku inayo. Mkutubi ndiye mtu anayejua nani wa kuulizwa nini.

Mjini

Egesha gari mara moja, kisha tembea. Deep River anzia halmashauri ya mji. Jengo lenyewe ni la matofali, la mwaka 1893, limejengwa njia panda likabanwa mbele mpaka likachongoka kama pasi ya mkaa. Mbele yake kuna tembo. Sanamu ya tembo, Connecticut, ambako theluji hufika magotini. Neema alikimbia kumshika mkonga. Mama mdogo alisimama mbali na mkoba wake, akamkagua kuanzia masikio. "Wa kwetu huyu," akasema. Masikio yalimtosha.

Kutoka hapo ni matembezi mafupi hadi Nyumba ya Mawe, makao ya chama cha historia, iliyojengwa 1840. Hapa ndipo barua yangu ilipozaa matunda. Bibi aliyetupokea alikuwa ameshatandaza vitu mezani: vitana vyenye meno membamba kiasi kwamba unashindwa kuelewa vilipitaje kwenye nywele, vipande vya vibao ambavyo havijabandikwa, na picha.

Ukiwa na mwenyeji wa namna hii, zingatia mambo ya adabu, maana si sawa na kwetu na si tofauti sana. Salamu yao ni fupi, lakini usiiruke. Usikatize maelezo ya kwanza, hata kama unayajua, amejiandaa. Akimaliza, uliza kitu kidogo na cha mkononi. Usiulize "niambie historia ya mji". Uliza "hiki kilikuwa kinashikwaje?" Nikauliza weupe ule waliupataje, kwa kuwa pembe mbichi ina unjano. Akanieleza kuhusu mabanda ya vioo: safu ndefu za vioo vilivyoinamishwa kuelekea jua, na ndani yake vipande vya pembe vimepangwa kwenye trei, vinaanikwa kwa wiki nyingi na kugeuzwa, mpaka vyote vilingane. Mama mdogo alipotafsiriwa alicheka. "Kumbe wanaanika kama dagaa."

Kisha picha. Wanaume wenye kofia na masharubu, wamesimama uani katikati ya pembe zilizolazwa chini, nyingine ndefu kuliko mtu. Wamepiga mkao wa mvuvi na samaki wake. Mama mdogo aliivuta karibu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hawa ndio waliozipokea," akasema. "Aliyezileta yuko wapi?"

Nikatafsiri. Yule bibi alinyamaza kidogo, akasema picha hiyo hawana.

Basi mama mdogo akasimama. Alikuwa na kanga begani kwa ajili ya kiyoyozi cha gari. Akaikunja, akaisokota, akaizungusha ikawa ngata, akamwekea yule bibi begani, upande wa kulia, karibu na shingo. Akaona haitoshi, akachukua mwavuli mrefu uliokuwa pembeni ya mlango, akaulaza juu ya ngata, ncha ikitangulia mbele. Akamshika mkono akauweka juu ya mwavuli. "Hivi. Sasa tembea." Bibi wa Connecticut, miaka sabini na ushee, akatembea toka meza mpaka dirishani na kurudi. Nikamwambia pembe kubwa ilipita ratili sitini, na kwamba njia ya kutoka kwetu hadi pwani ilikuwa zaidi ya kilomita 800. Nikamwambia pia kwamba Wanyamwezi wengi walikwenda kwa ujira na kwa sifa, kijana asiyefika pwani hakuhesabiwa mwanamume, lakini katika biashara hiyo hiyo walikuwamo watumwa waliobebeshwa kisha wakauzwa pamoja na mzigo. Haya mawili yote ni kweli, na ukieleza moja tu umedanganya. Alikwenda kuchukua daftari akaandika. Aliniuliza ngata inaandikwaje.

Ninalotaka kukwambia hapa ni hili dogo: usiende kama mtu wa kupewa tu. Wazee hawa wana nusu ya kitabu. Kama wewe unayo hata kurasa mbili za nusu ya pili, fungua mdomo. Na ukiondoka acha dola tano au kumi kwenye kisanduku, na uandike jina na mji wako kwenye kitabu cha wageni. Tabora ilikuwa haijawahi kuandikwa humo, nilipekua.

Kiwanda cha Pratt, Read bado kipo, kinafikika kwa miguu. Cha kwanza kiliteketea kwa moto mwaka 1881, wakajenga kipya cha matofali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni iliacha piano ikatengeneza ndege zisizo na injini za kubeba askari. Leo ni makazi ya watu. Kwa hiyo simama barabarani, tazama madirisha makubwa yaliyowekwa ili fundi aone mstari wa pembe bila taa, halafu endelea na safari. Usiingie uani kupiga picha. Ni nyumba ya mtu, kuna nguo zake na paka wake.

Makaburi usiyaruke

Najua sisi hatuna desturi ya kutembea makaburini kujifurahisha. Mama mdogo alikataa kushuka garini, akabaki na Neema wakila mayai. Lakini katika mji mdogo wa Marekani makaburi ndiyo rejista iliyo wazi saa zote, bila kiingilio. Majina ya mitaa, viwanda na shule yote utayakuta pale yamelala, na ukubwa wa jiwe unakuonyesha nani alimwajiri nani. Nenda mchana, usikanyage juu ya kaburi, usikwangue jiwe la zamani ili lisomeke. Mwangaza wa tochi kwa upande unatosha, kama alivyofanya fundi wangu wa piano.

Yaitwa Fountain Hill, na niliyemfuata hapo ni William Winters. Jina lake la kuzaliwa ni Daniel Fisher. Alikuwa mtumwa wa kusini, akatoroka mwishoni mwa miaka ya 1820, akafika New Haven, na kutoka hapo akaelekezwa aende Deep River kwa shemasi mmoja mpinga utumwa. Alitembea usiku. Shemasi akampokea, akampa kazi na jina jipya, na kwa muda akavaa nywele za bandia asitambulike. Akaishi mji huo mpaka uzee wake, na mtaa mmoja pale, Winter Avenue, umechukua jina lake.

Shemasi huyo ni George Read. Ndiyo, Read yule yule wa Pratt, Read. Riziki yake ilikuwa vitana vya pembe. Nilikaa kwenye ukuta wa mawe nikijaribu kumpanga mtu huyu upande mmoja, nikashindwa. Alihatarisha mali yake kumficha mtu mmoja mweusi aliyekuwa mlangoni kwake. Mji wake ukaja kunenepa kwa mizigo ya watu weusi ambao hakuna aliyewaona. Nakuachia na wewe. Mimi bado niko nayo.

Ivoryton

Ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Hapa utaona kitu ambacho Deep River haikionyeshi vizuri: kijiji kizima kilichotengenezwa na mwajiri mmoja. Comstock, Cheney ilileta vibarua kutoka Italia, Poland, Uswidi na Ujerumani, ikawajengea nyumba. Utazitambua kwa kufanana kwake, zimekaa karibu karibu, vibaraza sawa. Kisha tafuta nyumba zilizo peke yake kwenye uwanja mpana wenye miti iliyopandwa kwa mpango. Hizo ni za wenye kampuni. Huhitaji kiongozi wa watalii, hesabu tu hatua kati ya mlango na mlango.

Katikati pana ukumbi wa michezo wa kuigiza, Ivoryton Playhouse, uliojengwa 1911 kuwa ukumbi wa starehe wa wafanyakazi wa kiwanda. Tangu 1930 umekuwa wa maigizo, na Katharine Hepburn, mwigizaji wa filamu, alicheza hapo 1931 kabla dunia haijamjua. Kama una hela na jioni moja ya ziada, nunua tiketi. Kampuni yenyewe ilimezwa na Pratt, Read mwaka 1936, na miaka ya 1950 pembe zikakoma, plastiki ikachukua nafasi.

Kwa mtoto aliyechoka na historia, na Neema alikuwa amechoka vibaya, kuna treni ya moshi inayoanzia Essex, unaweza kuunganisha na boti pale gati la Deep River. Hatukupanda, ila tulishuka gatini bure. Meli za mto zilishusha mizigo hapa. Ni mahali padogo sana, nyasi, mawe, maji yanapita polepole. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi, sijui kwa nini.

Kununua kitu cha ukumbusho

Hapa ndipo utakapojiingiza matatani usipojua. Kwenye maduka ya vitu vikuukuu ya eneo hili unaweza kukuta vibao vya piano, vitana au vifungo vya pembe. Viache. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na tangu Julai 2016 Marekani imebana mno hata uuzaji wa ndani. Vya kale sana ndivyo hupona, tena kwa ushahidi wa karatasi. Ukikivusha mpaka bila kibali, hakuna ofisa wa Boston wala wa Dar es Salaam atakayesikiliza kwamba ni kitana cha mwaka 1850. Hata piano yangu siwezi kuirudisha nyumbani kirahisi. Nunua kadi ya picha.

Mama mdogo hakujua hayo. Tuliingia dukani kukwepa mvua, nikageuka, nikamkuta ameshika kitana. Alikigeuza, akakikuna kwa ukucha, akakinusa. Akaniuliza bei, nikamwambia bei haina maana, nikamweleza sheria yote pale pale, polepole, mwenye duka akitutabasamia.

"Kwa hiyo walikitoa kwetu hakuna aliyekamatwa," akasema, "nikikirudisha nakamatwa mimi."

"Ndivyo, mama."

Akakirudisha kwenye sahani yake, meno yakiangalia chini kama alivyokikuta, akajifunika kanga yake kichwani kwa ajili ya mvua, akaniuliza maktaba hufungwa saa ngapi, anataka kwenda msalani.